Maswali na majibu: Arusha kwa miguu, kutoka Mnara wa Saa hadi Kaloleni

Wiki mbili zilizopita nilieleza hapa njia ninayowapitisha wanafunzi wangu kila muhula: tunaanzia Mnara wa Saa, tunapanda Barabara ya Boma hadi Boma la Wajerumani, tunaitazama AICC (kituo cha mikutano ya kimataifa), halafu tunashika Barabara ya Makongoro kuelekea Kaloleni, kwenye mnara wa Mwenge na Makumbusho ya Azimio la Arusha, na kumalizia Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Nimechagua maswali yaliyorudiwa na watu wengi, na mengine mawili matatu yaliyonigusa mwenyewe.

Shikamoo mwalimu. Ninakaa Sakina, na Mnara wa Saa naupita kila siku nikiwa ndani ya daladala, sijawahi hata kushuka. Nataka kuifuata njia yako Jumamosi na wanangu, mmoja ana miaka 7 na mwingine 11. Nianze saa ngapi, na je, wataweza?

Marahaba mama. Wataweza kabisa. Njia nzima ni kama kilomita nne, na mtu mwenye haraka anaimaliza kwa saa moja. Wewe usiwe na haraka. Anza saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali, na ujipe muda hadi saa tano au saa sita. Vaeni viatu vilivyozoea miguu, mbebe maji, na huyo mdogo mpe kitu tumboni kabla hamjaondoka, maana mtoto mwenye njaa haoni historia yoyote.

Huyo wa miaka 11 mpe kazi. Mwambie ahesabu mito. Watu wengi wa mjini hapa hawajui kwamba Arusha imekaa katikati ya mito inayoshuka kutoka Mlima Meru. Karibu na Mnara wa Saa, upande wa mashariki, kuna Themi. Ukitoka Boma kwenda Kaloleni unavuka Naura. Ukitembea unausikia mto kabla hujauona. Ndani ya hiace, na muziki ule na konda anagonga bati, huwezi kuusikia. Na jina la kata ya Ngarenaro, linalotajwa na makonda mara mia kwa siku, ni Kimaasai: engare ni maji, narok ni nyeusi. Maji meusi. Mji huu ulijengwa hapa kwa sababu ya maji, na nataka watoto walijue hilo kabla ya kuambiwa lolote kuhusu minara.

Mwalimu, je, ni kweli Mnara wa Saa uko katikati kabisa ya Cairo na Cape Town? Nimewahi kumwambia mgeni hivyo akanicheka. (Kijana muuza picha, Barabara ya Boma)

Asikucheke tena. Chukua ramani tuipime pamoja. Kwa mstari wa ndege, kutoka Arusha hadi Cairo ni kilomita 3,750 hivi. Kutoka Arusha hadi Cape Town ni kama 3,900. Tofauti haizidi sana kilomita 150, ambayo kwa bara kubwa kama letu ni kidogo mno. Kwa hiyo ukisema Arusha ipo karibu sawa kwa umbali kutoka miji hiyo miwili, umesema kweli.

Kosa linakuja pale tunaposema ni "katikati kabisa". Ukinyoosha kamba kutoka Cairo hadi Cape Town, kamba hiyo haipiti Tanzania. Nusu yake inaangukia misitu ya mashariki ya Kongo. Sisi tupo pembeni, upande wa mashariki. Waliotuachia usemi huu walikuwa na ndoto ya kutawala bara kwa mstari mmoja kutoka kusini hadi kaskazini, na barabara yao kuu ilipita huku kwetu. Kwao katikati ilikuwa katikati ya safari ya gari.

Mimi wanafunzi wangu huwaambia hivi: simama chini ya mnara, tazama upande wa mlima, hiyo ni Cairo, geuka, hiyo ni Cape Town, sasa niambie, aliyetaka kuziunganisha alitaka kupitisha nini? Majibu ya watoto huwa mazuri kuliko ya vitabu. Juzi mmoja alisema, "Alitaka kupitisha vitu vyetu."

Nilimsikia muongoza watalii mmoja akiwaambia wageni wake kwamba Boma lilijengwa na Waingereza. Mimi nilidhani ni Wajerumani. Nani yuko sahihi, na lilijengwa kwa kazi gani hasa? (Msomaji, Kijenge)

Uko sahihi wewe. Boma lilijengwa na Wajerumani, likakamilika mwaka 1900. Waingereza walilikuta, walifika Arusha Machi 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na baadaye wakalitumia kwa ofisi za serikali. Baada ya uhuru liliendelea kuwa na ofisi, na mwaka 1987 likafunguliwa kuwa Makumbusho ya Elimu Viumbe. Ndani utakuta habari za chimbuko la binadamu, za Olduvai ambako Mary Leakey aliokota fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959, na za nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6. Ni mambo makubwa, na ada kwa Mtanzania ni nafuu kuliko ya mgeni.

Lakini swali lako ni la kazi, na hapo sitaki kupita haraka.

Neno "lilijengwa na Wajerumani" linaficha mikono. Mjerumani alichora na akaamuru. Waliochimba, waliobeba na waliosimamisha kuta ni Waarusha na Wameru, na hawakuajiriwa. Walifanyishwa shokoa. Ilikuwa sehemu ya adhabu kwa watu ambao walikuwa wametoka kupigwa vita, wakachomewa maboma yao na kuswagiwa ng'ombe. Hebu fikiria mtu ambaye ng'ombe wake wamechukuliwa, halafu anaambiwa abebe mzigo wa kujengea nyumba ya aliyewachukua.

Miaka kadhaa iliyopita nilipita njia hii na mzee mmoja wa Kiarusha kutoka upande wa Ilboru. Tulipofika kwenye lango la Boma, wanafunzi wakaingia, yeye akabaki nje. Aliweka kiganja chake chote ukutani, vidole vimetanuka, akakiacha pale kama mtu anayepima homa. Kisha akaniambia kwamba babu yake, hadi anakufa, hakuwahi kupita mbele ya lango hili. Akiwa na shughuli mjini alizunguka kwa chini, njia ndefu, jua kali, mbuzi wake nyuma. Watoto wakimuuliza kwa nini, alisema tu, "Pale nilishafika."

Tangu siku ile, somo langu la Boma naanzia nje ya lango. Kila mwanafunzi anaweka mkono ukutani kwanza. Ndipo tunaingia.

Kwa hiyo nakuomba, ukikutana tena na yule muongoza watalii, msalimie vizuri, mvute pembeni, mweleze. Usimwaibishe mbele ya wageni wake. Wengi wa vijana hawa hawakupata mtu wa kuwafundisha habari za mji wao. Walifundishwa majina ya ndege na ya njia za kupanda mlima.

Mimi ni mwenyeji wa Old Moshi. Kwetu habari ya chifu wetu, Mangi Meli, tunaijua vizuri. Je, huko Arusha kuna mahali popote kwenye njia yako panapohusiana naye?

Kuna, ni palepale kwenye Boma, na nakushukuru kwa kuniuliza kwa sababu watu huzisimulia habari hizi kama vile Moshi na Arusha zilikuwa nchi mbili.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Meru. Wajerumani wakati huo walikuwa na kituo chao cha kijeshi kwenu Moshi, chini ya Kapteni Kurt Johannes. Akatoka Moshi na askari wake pamoja na wapiganaji wa Kichaga, akaja kuwapiga Wameru na Waarusha. Ng'ombe wengi waliochukuliwa waliishia Uchagani. Hili linauma kulisema, lakini ni la kweli, na wazee wa pande zote mbili wanalijua: mkoloni alitutumia sisi kwa sisi.

Halafu zamu ikageuka. Mwaka 1900, wakati Boma la Arusha linakamilika, Wajerumani walidai kwamba wamangi na viongozi wa huku walikuwa wanapanga njama dhidi yao. Tarehe 2 Machi mwaka huo walimnyonga Mangi Meli pale Tsudunyi, Old Moshi, na pamoja naye viongozi wengine, akiwamo Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Lobulu wa Meru. Mchaga na Mmeru walikufa siku moja, mahali pamoja. Kwa miaka mingi ukoo wa Meli umekuwa ukidai kurudishiwa fuvu lake, ambalo linaaminika lilipelekwa Ujerumani.

Kwa hiyo ukija Arusha, weka mkono wako kwenye ule ukuta kama sisi tunavyofanya. Na mimi nikija kwenu, nitakwenda kwenye mti wa Tsudunyi.

Mwanangu yuko darasa la sita, ameambiwa aandike kuhusu Azimio la Arusha. Amenisumbua: "Baba, lilisomwa wapi? Kwa nini Arusha?" Mimi nimezaliwa 1985, sina jibu. Nisaidie. (Baba wa Sanawari)

Mpeleke Kaloleni. Usimsimulie nyumbani, mpeleke.

Mahali penyewe ni ukumbi ulio karibu na kipilefti cha Mwenge. Zamani ulikuwa ukumbi wa jamii wa watu wa Kaloleni, mahali pa kukutania wananchi wa kawaida. Kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana hapa Arusha chini ya Mwalimu Nyerere, na hapo ndipo Azimio likapitishwa. Likatangazwa rasmi tarehe 5 Februari. Kesho yake, tarehe 6, mabenki yakataifishwa. Fikiri kasi hiyo: Jumapili linatangazwa, Jumatatu benki ni za umma.

Sasa, mwanao akiingia atashangaa jinsi ukumbi ulivyo mdogo. Wanafunzi wangu wote husema hivyo. Wamezoea kwamba jambo kubwa hufanyika kwenye jengo kubwa, lenye kiyoyozi na zulia. Mwache ashangae. Halafu mwambie asimame mahali, afumbe macho, na wewe umsomee kwa sauti ile sentensi iliyokaririwa na nchi nzima: "Tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, na tumepuuzwa kiasi cha kutosha." Azimio liliandikwa kwa Kiswahili, mzee. Si tafsiri. Ukilisoma kwa sauti mahali pale, unasikia kwamba lilitungwa lisikike.

Kwenye insha yake asiishie kwenye maneno "Ujamaa na Kujitegemea", ambayo kila mtoto anayaandika. Aandike kuhusu masharti ya uongozi. Azimio lilisema kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, na asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti haya yalikuja kulegezwa mwaka 1991 kule Zanzibar. Mwambie amuulize babu yake, au jirani yeyote wa umri ule, walivyoyapokea masharti hayo mwaka 1967 na walivyojisikia yalipoondolewa. Insha yake itakuwa na kitu ambacho wenzake hawana.

Mimi naliheshimu Azimio, na silifichi hilo darasani. Naijua pia foleni ya sukari, nimesimama humo nikiwa mtoto nimeshika mkono wa mama. Vyote viwili nawaambia wanafunzi, kwa sababu mtoto anayeambiwa upande mmoja tu anaugundua wa pili mwenyewe, na hapo haturudii tena na swali.

Kuhusu mnara: ule wa rangi nyeupe, wenye miguu iliyopinda na mwenge juu, unakumbusha mwenge uliowashwa kileleni Kilimanjaro usiku wa uhuru, Desemba 9, 1961, alipoupandisha Luteni Alexander Nyirenda. Na angalia tarehe: CCM ilizaliwa Februari 5, 1977, siku ileile ya kutangazwa kwa Azimio, miaka kumi kamili baadaye. Haikutokea kwa bahati.

Jambo moja zaidi kwa sababu hii ni safu ya watembeaji. Baada ya Azimio watu walitembea kwa miguu kuliunga mkono, vijana kwa wazee, mikoa mbalimbali. Mwalimu mwenyewe, Oktoba 1967, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Mwanao akilalamika miguu inauma kutoka Boma hadi Kaloleni, mkumbushe.

Samahani, swali la kijinga pengine. Huyu Sheikh Amri Abeid alikuwa mchezaji mpira? (Shabiki, Ngarenaro)

Si la kijinga hata kidogo. Nimewauliza swali hilo watu ishirini waliokuwa wanasubiri kuingia kutazama mechi. Waliojua ni wawili.

Alikuwa mshairi. Jina lake kamili ni Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Alikuwa sheikh wa Jumuiya ya Ahmadiyya, na ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Sheria. Alifariki Oktoba 1964, akiwa na miaka arobaini hivi tu.

Lakini kwangu mimi, na kwa kila anayependa lugha hii, ukubwa wake uko kwenye ushairi. Mwaka 1954 alitoa kitabu kilichoweka wazi sheria za kutunga mashairi ya Kiswahili: vina viweje, mizani ihesabiweje, kituo kifanye kazi gani. Kabla yake washairi walizijua kwa masikio, mwanafunzi anamsikiliza mwalimu hadi zinamwingia. Yeye akakaa akaziandika. Tulipokuwa shuleni tukihesabu kwa vidole mizani minane kipande cha mbele na minane cha nyuma, tulikuwa tunafuata kalamu yake bila kujua.

Basi fanya hivi. Jumapili ukienda kutazama mechi, kabla hujakata tiketi simama kwenye geti ukalisoma jina lake pale juu, kisha uhesabu silabi zake: She-khe A-m-ri A-be-di. Ni nane. Mizani minane kamili, nusu ya mshororo wa shairi. Niliposhtukia hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu barabarani kwa furaha.

Uwanja mpya unajengwa kwa ajili ya AFCON 2027, na tunaufurahia. Ombi langu ni kwamba huu wa zamani usisahauliwe, na kwamba siku moja pale getini pabandikwe walau ubeti mmoja wa aliyepewa uwanja.

Je, AICC tunaruhusiwa kuingia? Na kuna nini cha kuona zaidi ya maofisi? (Wanafunzi wanne wa kidato cha tatu)

Si mahali pa kuingia na kuzurura, ni ofisi na kumbi za mikutano. Mkiwa kikundi na barua ya shule, waombeni mapema. Msipopata, simameni nje, inatosha kwa somo.

Tazameni majengo matatu: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Yalijengwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, ya mwaka 1967. Jumuiya ikavunjika 1977 na majengo yakabaki, ndipo mwaka 1978 ikaanzishwa AICC. Jumuiya ilipofufuliwa, mkataba wake ukasainiwa hapahapa Arusha Novemba 30, 1999, na tangu 2012 ina jengo lake jipya jirani.

Ila sababu yangu ya kuwasimamisha wanafunzi pale ni Rwanda. Agosti 4, 1993, serikali ya Rwanda na wapiganaji wa RPF walisaini mapatano ya amani hapa Arusha. Miezi minane baadaye yakaanza mauaji ya kimbari. Umoja wa Mataifa ukaunda mahakama Novemba 1994, na mahakama hiyo ikawekwa Arusha, ndani ya majengo hayo. Septemba 2, 1998, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ndogo ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kutamkwa kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Siku mbili baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu. Mahakama ilifungwa mwisho wa 2015, na kazi zilizobaki zikahamia Lakilaki, nje kidogo ya mji.

Mashahidi wengi walitajwa mahakamani kwa herufi tu, kama JJ, ili wasitambuliwe na kudhuriwa. Mwanamke anatoka kijijini kwao Rwanda, anafika Arusha, anasema mbele ya dunia yaliyompata, na jina lake halisemwi. Nyinyi mna miaka kumi na sita, kumi na saba. Simameni kimya dakika moja pale, kwa ajili ya hao wenye herufi. Mimi sitaongeza neno.

Mbona stesheni ya reli hukuiweka? Sisi wa Unga Limited tumeonewa!

Mmenishika. Niliiacha kwa sababu iko mbali kidogo na njia, upande wa kusini, na watoto wanakuwa wamechoka. Lakini inastahili siku yake. Reli ilitoka Tanga ikafika Moshi 1911, na Arusha tuliisubiri hadi 1929. Ikaja kulala miaka mingi, nyasi zikaota katikati ya mataruma, na treni ya abiria ikarudi Oktoba 2020. Nilikuwa pale siku zile za mwanzo. Kina mama walikuja na watoto mgongoni kuangalia tu. Na jina la mtaa wenu lenyewe ni kumbukumbu: kiwanda cha unga kilichoandikwa "Limited" kikaacha jina lake kwa watu. Nitawaandikia njia ya Unga Limited, nawaahidi.

Kupiga picha je?

Mnara wa Saa na Mwenge, piga. Ndani ya makumbusho uliza kwanza. Ofisi za serikali, askari na mageti yenye walinzi, acha. Na watu wa sokoni ni watu, si mandhari: salimia, omba, ukikataliwa shukuru uende. Niliwahi kunyang'anywa kamera na mlinzi wa ofisi moja nikabishana naye nusu saa nzima juani mbele ya wanafunzi. Nilipaswa kumuuliza mwanzoni.

Mwalimu, baba yangu ana miaka 79. Mwaka 1967 alikuwa kijana akikaa Kaloleni, na anasema siku za mkutano ule walisimama nje ya ukumbi wakisubiri kumwona Nyerere akitoka. Hajarudi pale zaidi ya miaka thelathini. Goti linamsumbua, hawezi kutembea njia yote. Nifanyeje? (Binti yake, Njiro)

Mpe shikamoo yangu. Yeye hahitaji njia yote, alishaitembea.

Mchukulie bajaji moja kwa moja hadi Kaloleni, siku ya kazi, asubuhi, watu wakiwa wachache. Waambie wahudumu wa makumbusho mapema kwamba unamleta mtu aliyekuwepo. Watafurahi, nimeona wanavyowapokea wazee. Tafuteni kiti. Usimharakishe kwenye picha za ukutani, maana atasimama kwenye moja ambayo wewe huioni ina nini, na hapo ndipo maneno yatakapotoka. Washa kinasa sauti cha simu na uiweke mfukoni. Muulize walisimama upande gani, walivaa nini, nani alikuwa pembeni yake, walikula wapi mchana. Tarehe na hotuba tunazo tayari. Hayo mengine anayo yeye.

Akikubali, ningependa kuja kumsikiliza siku nyingine nikiwa na wanafunzi wawili tu, si darasa zima.

Na mwambie dereva wa bajaji awashushe upande uleule wa geti, si ng'ambo ya kipilefti, kwa sababu magari ya pale hayampi mzee nafasi ya kuvuka.